Zawadi Iliyotupeleka Maposeni Mara Tatu



Mwezi huu tunawasimulia safari zetu tatu za Maposeni, jirani na Peramiho, mkoani Ruvuma. Safari ya kwanza tulikwenda kupeleka zawadi ya mtoto. Ya pili tulikwenda kumtazama mgonjwa. Ya tatu tulikwenda kuona taa ikiwaka. Zote zilitokana na kitu kimoja kidogo kinachoenea kwenye kikapu cha sokoni, yaani mashine ya michezo ya kushika mkononi, ile ambayo watoto wetu huiita gemu.

Tunaandika habari hizi kwa sababu akina mama wengi wana ndugu walio nje, Oman, Dubai, Ulaya na Marekani, na vitu vya namna hii vinazidi kufika vijijini mwetu. Tena tunaandika kwa sababu tulikosea, na kosa letu laweza kumfaa mwingine.

Kifurushi kutoka Muscat

Mama wa mtoto huyu ni mzaliwa wa Maposeni. Sisi tulimfahamu tangu alipokuwa akiimba kwaya. Mwaka 2021 alikwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani, mwanawe akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mtoto akabaki na bibi yake mzaa mama. Mwaka 2025 alikuwa na miaka 11, yuko darasa la tano.

Mwezi Juni 2025 mama huyo alitupigia simu akiwa na furaha nyingi. Tarehe 5 ya mwezi huo kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa imezindua mashine yake mpya iitwayo Nintendo Switch 2. Katika siku 4 za kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni 3 na nusu duniani. Watoto wa mwajiri wake walikuwa wamenunuliwa, naye kila akipita na ndoo ya kupigia deki aliwaona wameinamia kioo wakicheka. Moyoni alisema, "Na wangu naye." Akaanza kuchanga.

Kampuni hiyo si ya jana. Ilianza mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Wengine wetu tunakumbuka ile mashine yake ndogo ya mwaka 1989, Game Boy, iliyotumia betri nne ndogo za dukani kama za redio. Betri zikiisha, mtoto hulia, mzazi hununua nyingine. Hii mpya haina betri za kununua. Betri yake imo ndani, na haina budi kuchajiwa kwa umeme. Neno hilo "kuchajiwa" tulilisikia, lakini hatukulitia maanani. Mtaona baadaye lilitufikisha wapi.

Bei yake ilipozinduliwa huko Marekani ilikuwa dola 449.99. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi 1,100,000. Mwenzetu alichanga, akijinyima hata vocha, ndipo akanunua moja katika duka la huko Muscat.

Mambo ya forodha

Alituuliza aitume vipi. Tuliulizia, na haya ndiyo tuliyojifunza, huenda yakawasaidia.

Mzigo ukija peke yake kwa kampuni ya usafirishaji, hutozwa ushuru. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na baadhi asilimia 35. Ushuru haukokotolewi kwa bei ya dukani tu, bali kwa bei pamoja na nauli na bima ya mzigo. Juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuseme mashine na nauli yake vimefika dola 500, na ushuru ni asilimia 25. Ushuru pekee ni dola 125. Kodi ya asilimia 18 ya dola 625 ni dola 112 na nusu. Zawadi ya dola 500 imekwisha kuwa ya dola 737, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo.

Lakini abiria anayerudi nyumbani ana nafuu. Sheria ya forodha ya Jumuiya humruhusu aliyekaa nje zaidi ya saa 24 kuja na vitu visivyo vya biashara vyenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa, ni vema kumuuliza ofisa wa forodha kabla ya safari, na kutunza risiti. Mwenzetu alimpa dada mmoja Mtanzania aliyekuwa akija likizo. Dada huyo aliiweka katika mkoba wa mkononi, maana mashirika ya ndege hayataki betri za akiba wala chaja za kubebea umeme ziwekwe katika mizigo inayokwenda chini ya ndege. Dar es Salaam alionyesha risiti, akaruhusiwa. Kutoka hapo kifurushi kilipanda basi, kikaja Songea mwendo wa kilomita zinazokaribia 1,000.

Jambo jingine la kuangalia ni lugha. Mashine hiyo huuzwa Japani kwa bei nafuu zaidi, lakini ile ya bei nafuu husema Kijapani tu. Ndugu yako akiona ya rahisi kupita kiasi, aulize kwanza inasoma lugha gani. Aulize pia kama mchezo umo wote ndani ya kadi, kwa sababu kadi nyingine ni ufunguo tu, na mchezo wenyewe lazima upakuliwe kwa intaneti. Huko ulaya hilo ni jambo dogo, lakini kijijini bando laweza kumaliza fedha ya sukari.

Safari ya kwanza

Tuliondoka Songea Jumamosi moja ya mwezi Julai, wanawake watatu, kila mmoja na sweta na khanga juu yake, maana baridi ya Songea mwezi Julai haina mzaha. Milima ya Matogoro nyuma yetu ilikuwa imefunikwa na ukungu. Tulishika barabara ya Mbinga, ambayo ni ya lami, tukaacha barabara kuu kwenye njia panda ya Peramiho.

Peramiho ni mahali penye historia. Wamisionari Wabenediktini walifika mwaka 1898, misheni yao ikachomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena. Wengi wetu tumezaliwa au kuzalia katika Hospitali ya Mtakatifu Yosefu hapo. Tulisimama kidogo kanisani kusali, kisha tukachukua pikipiki mbili hadi Maposeni.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Kila uwanja ulikuwa na mahindi yaliyoanikwa, na watoto wakifukuza kuku kwa fimbo. Bibi tulimkuta amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, anapukuchua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni. Mnatoka wapi na baridi hii?"

Tulipomwambia tumetumwa na mwanawe alisimama upesi kuliko tulivyotegemea. Tukaletewa togwa. Mtoto akaitwa kutoka mtoni, akaja mbio akiwa na ndoo nusu, akatuamkia mmoja mmoja kwa adabu.

Sanduku lilipofunguliwa alitulia kimya. Hakuruka wala hakushangilia. Alipitisha kidole juu ya kioo kile cheusi, kisha akauliza, "Mama ameishika hii?" Tukamwambia ndiyo, ameishika. Akaiweka mapajani.

Ndipo tukaitazama chaja. Plagi yake ilikuwa na vidole viwili bapa, ya namna ya Japani na Marekani. Soketi za kwetu, kama zile za Oman, ni za matundu matatu ya pembe nne. Duka lilikuwa limempa mashine iliyotoka nchi nyingine. Hata hivyo tulisoma maandishi madogo juu ya chaja, tukaona inapokea volti 100 hadi 240. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo haikuhitaji kigeuza umeme, ila adapta tu ya kubadilisha vidole. Mmoja wetu alikuwa nayo mkobani. Tukajiona wajuzi.

Bibi akatutazama, akasema kwa upole, "Sasa wanangu, mtaichomeka wapi?"

Nyumba haikuwa na umeme. Kulikuwa na taa moja ndogo ya sola iliyoning'inia juu ya mlango, ya kumulika ndani wakati wa kula. Bibi mwenyewe akatupa jibu. Huko barabarani kuna kijana mwenye duka anachaji simu za watu kwa shilingi 500, mtoto atapeleka huko. Tukafurahi kwamba tatizo limekwisha. Tukasali pamoja, tukanywa togwa ya pili, tukafungiwa mahindi, tukaondoka tukimshukuru Mungu.

Akina mama, tufikirini. Tulipeleka chaja katika nyumba isiyo na soketi. Tulitumia wiki nzima kuulizia mambo ya forodha, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza bibi ana umeme au hana.

Safari ya pili

Mwishoni mwa Agosti jirani wa bibi alitupigia simu. Bibi ameanguka usiku, mkono umevimba, amepelekwa hospitali.

Tulikwenda siku ile ile. Tulimkuta tayari amerudi nyumbani, kifundo cha mkono kimevunjika, amefungwa POP. Wazee wakianguka na kujikinga kwa kiganja, mara nyingi mfupa huvunjika hapo hapo. Tulimtazama vidole kama vinapata damu, tukamfundisha kuvichezesha, tukamwambia auinue mkono usivimbe. Kisha tukamuuliza ilikuwaje.

Alisita. Hakutaka kumchongea mjukuu wake. Jirani ndiye aliyesema.

Mashine ile, mtoto akicheza mchezo mzito, betri huweza kwisha kwa saa 2 hivi. Ikiwa mwepesi, hufika saa 6 na kitu. Kuijaza kwa chaja yake mwenyewe huchukua kama saa 3 ikiwa imelala. Lakini dukani umeme ulikuwa wa sola, nyaya nyingi zinagawana nguvu kidogo, na siku za mawingu haukutosha hata simu. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alipeleka mashine dukani, akakaa kuilinda asije mtu akaichukua. Kazi ilikuwa saa 2, mara saa 3, mara saa 4 usiku. Vijana wakubwa walikaa hapo wakivuta sigara, wakimwomba "zamu moja tu". Fedha ya kuchajia aliipata kwa kubeba mizigo, na siku nyingine hatukuambiwa aliipata wapi. Daftari la hesabu lilikuwa halijaandikwa kwa wiki mbili.

Usiku ule saa 4 ilipita hajarudi. Bibi akachukua tochi, akatoka kumtafuta. Akateleza kwenye mfereji.

Mtoto alikuwa nyuma ya jiko, hataki kuingia. Tulimfuata, tukakaa naye juu ya kuni. Hatukumgombeza, maana alikwisha kujigombeza mwenyewe. Tulimuuliza jambo moja tu, kwa nini lazima kila siku?

Akaiwasha, ilikuwa na nguvu kidogo. Kumbe mama yake, kabla ya kuifunga, aliomba watoto wa mwajiri wamsaidie kuandika wachezaji wawili. Mmoja ana jina la mtoto. Wa pili ameandikwa "Mama", na wamechorwa nyuso za katuni, huyo wa pili ana kilemba. Mtoto alikuwa akicheza mashindano ya magari ya watu wawili peke yake. Zamu yake anacheza yeye, zamu ya Mama anamchezea Mama.

"Nani hushinda?" mmoja wetu akauliza.

"Mama," akajibu. "Mimi najipunguza."

Tulitoka nyuma ya jiko tukiwa hatuna la kusema.

Tulivyomweleza mama

Jioni ile tulijadiliana kama tumweleze mama yake au tumfiche. Mtu aliye mbali akipata habari mbaya hana pa kukimbilia. Lakini tuliona kumficha ni kumfanya mgeni katika nyumba yake. Tulimpigia tukamwambia yote, mkono wa bibi, duka, usiku, na yule mchezaji mwenye kilemba.

Alilia. Kisha akasema, "Nilitaka asinisahau."

Tukamwambia hajakusahau. Kinachotakiwa ni taa.

Tukamwonyesha hesabu, nasi tukaishangaa tulipokuwa tukiifanya. Betri ya mashine ile hubeba kama wati-saa 20. Uniti moja ya Luku ni wati-saa 1,000. Hata ukihesabu nguvu inayopotea kwa joto, uniti moja huijaza zaidi ya mara 30. Kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti pamoja na kodi zake ni kama shilingi 122. Yaani kuijaza mara moja nyumbani hakufiki shilingi 5. Dukani ni shilingi 500. Mtoto akichaji mara 5 kwa wiki, baada ya wiki 11 amekwisha kutoa shilingi 27,500. Na ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000.

Bei ya ile mashine ingeweza kulipa ada hiyo kwa nyumba 40.

Tena nguzo ilikuwa karibu, hatua chache nyuma ya banda la nguruwe. Mradi wa umeme vijijini ulikuwa umeifikisha. Tulipomuuliza bibi kwa nini hakuomba, alisema, "Nilijua nyaya ni ghali. Na mimi na mtoto huyu tunahitaji nini? Tunalala mapema." Hakujua kwamba nyumba ndogo yaweza kuanza na kile kifaa kiitwacho UMETA, yaani umeme tayari, chenye swichi na soketi zake, bila kutandaza nyaya chumba kwa chumba.

Mama alikuwa ameanza kuchanga fedha ya mchezo wa pili. Aliituma hiyo. Sisi tuliongeza kidogo kutoka mfuko wetu wa jumuiya, tukamsaidia bibi kujaza maombi. Bibi naye, ili asionekane mzigo, akauza gunia moja la mahindi.

Umeme huu umetoka wapi

Wakati tukisubiri, mtoto alituuliza umeme unatoka wapi. Ni swali zuri, na akina mama wa Songea tuna la kujivunia.

Hadi mwaka 2018 Songea haikuwa katika gridi ya Taifa. Mji ulitegemea mashine za dizeli, na mafuta yakichelewa, giza. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walikamilisha mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wakaanza kuiuzia TANESCO umeme. Wanawake watawa, waliojulikana kwa shule, zahanati na mashamba, wakawasha taa za mji. Mwaka 2018 ndipo njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba ilipofika Songea. Sasa katika gridi hiyo umo pia umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115.

Mtoto alisikiliza, kisha akauliza, "Masista nao wanacheza gemu?" Bibi alicheka mpaka akashika mkono wake wenye POP.

Mambo ya afya na usalama

Tuseme machache ambayo kila nyumba yenye mashine hizi ingefaa kuyajua.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku. Mchezo ukila usingizi, utakula na masomo. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Hii haina maana kwamba kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa, la hasha. Dalili ni pale anaposhindwa kujizuia, mchezo unatangulia chakula, shule na watu, naye anaendelea hata akiona madhara, na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu mwaka mzima. Mtoto wetu wa Maposeni hakuwa mgonjwa. Alikuwa na hamu ya mama yake.

Kuhusu betri, usichaji juu ya godoro, chini ya mto wala karibu na jiko. Weka mezani penye hewa. Ikivimba, ikinuka au kuwa moto kupita kiasi, iache kabisa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chomoa chaja. Na kama mashine imekaa bila kutumiwa, ichaji angalau kila baada ya miezi 6 ili betri isife. Michezo nayo ina umri wake. Ndani ya mashine unaweza kuweka namba ya siri inayozuia isiyomfaa mtoto, nayo namba hiyo aijue mkubwa, si mtoto.

Kabla hujatuma

Ndugu msomaji, kama wewe ndiye uliye mbali, au una dada aliye mbali, kabla ya kutuma kitu cha umeme jiulize. Nyumba inayokipokea ina soketi? Plagi ni ya namna gani? Nani atakaa na mtoto anapokitumia? Nani atakitunza usiku? Kitamtoa mtoto nje ya nyumba, au kitamrudisha ndani? Na wewe uliye karibu, unayetumwa kupeleka, usiwe tarishi tu kama sisi. Tazama juu uone kama kuna taa. Tazama nyuma uone kama kuna nguzo.

Tumemkumbuka sana Hana, mama wa Samweli. Alimwacha mwanawe hekaluni kwa Eli, na kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea mwenyewe. Mama yeyote aliyewahi kushona anajua maana yake. Joho la mwaka jana halimwenei mtoto mwaka huu. Ili ashone, Hana alipaswa kujua mwanawe amefika wapi. Mwenzetu wa Muscat hakupungukiwa na upendo. Alipungukiwa na kumwona mwanawe.

Safari ya tatu

Tulirudi wiki ya kwanza ya Majilio, Desemba 2025. Mvua zilikuwa zimeanza, vumbi la Julai limekuwa tope, na watu walikuwa mashambani wakipanda. Pikipiki zilitushusha mbali kidogo, tukavua viatu tukaenda kwa miguu.

POP ilikuwa imeondolewa siku nyingi, na bibi alikuwa akikunja ngumi kutuonyesha. Ukutani palikuwa na UMETA, na taa moja sebuleni iliyokuwa ikiwaka mchana kweupe kwa heshima yetu. Mtoto alitukaribisha kwa daftari la hesabu lenye alama za vema.

Tukamuuliza bibi ameitawala vipi mashine. Akaenda chumbani, akatoka na chaja imefungwa ndani ya kitambaa. "Mimi sijui kuiwasha wala kuizima," akasema. "Lakini anayeshika chaja ndiye anayeshika mchezo." Mtoto hupewa chaja Jumamosi asubuhi baada ya kuchota maji. Ikiisha, imeisha mpaka Jumatano akimaliza kazi za shule. Hakuna namba ya siri iliyo imara kuliko sanduku la bibi.

Tulilala huko usiku huo. Kama saa 3 hivi simu iliita, ile simu ya kioo aliyoituma mama mwaka uliotangulia. Zamani saa hizo huwa iko dukani inachajiwa, au imezima. Oman wametutangulia kwa saa 1, na mama hamalizi kazi mapema, kwa hiyo kila alipoweza kupiga kwa picha, huku kulikuwa giza. Miaka minne alikuwa akiona kivuli tu na kusikia sauti.

Mtoto alikaa chini ya taa. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu, tukadhani mtandao umekatika.

"Simama," mama akasema. Akasimama. "Sogea nyuma nikuone miguu." Akasogea. "Mama yangu wee! Umekuwa hivi?"

Alikuwa amemnunulia shati la Krismasi, dogo la mtoto wa miaka 8. Akasema atalirudisha dukani. Akamwomba bibi achukue utepe wa fundi. Bibi akampima mjukuu wake mabega, kifua, urefu wa mkono, akitaja namba moja moja kwa sauti kubwa, na huko Muscat mama alikuwa akiandika.

Mashine ilikuwa juu ya meza, imezimwa. Hakuna aliyeikumbuka hadi asubuhi.